Kujiundia Gitaa la Besi Nyumbani Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara mtu anaposikia kwamba gitaa la besi linaweza kuunganishwa sebuleni. Yanaanzia kwenye kununua na kuishia kwenye visa vya nadra. Jambo likishaelezwa mahali pamoja, kwingine utaelekezwa huko.

## Kabla ya kununua

Seti ya besi ni nini, na inakuja na nini?

Ni gitaa lililokwisha kukatwa lakini halijaunganishwa. Ndani ya sanduku utakuta mwili wa mbao wenye mashimo tayari, shingo iliyopigwa freti (vile vyuma vyembamba vinavyogawa noti), funguo nne za kukazia nyuzi, daraja (chuma kinachoshikilia nyuzi mwilini), pikapu (sumaku zenye waya zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), poti za sauti (vidhibiti vya kuzungusha), tundu la kuchomekea waya, bamba la plastiki, skrubu na nyuzi. Mwili huja mtupu, bila rangi. Kichwa cha shingo mara nyingi huja kama ubao wa pembe nne ili ukichonge mwenyewe. Maumbo ya vichwa vya kampuni kubwa ni alama za biashara, na wauzaji wa seti hawataki kesi.

Seti nyingi hufuata mojawapo ya mifano miwili ya Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani: Precision Bass, iliyotoka 1951 na kupata pikapu yake iliyogawanywa vipande viwili mwaka 1957, na Jazz Bass ya 1960. Ya kwanza ina pikapu moja na vitufe viwili, sauti na toni. Ya pili ina pikapu mbili, vitufe vitatu, na shingo nyembamba zaidi upande wa kichwa, takriban milimita 38. Kama ni mara yako ya kwanza, chukua Precision. Nyaya ni chache, na ikikosea utaona ilipokosea.

Itanigharimu kidogo kuliko besi iliyokamilika?

Hapana. Seti ya kawaida huuzwa ng'ambo kwa dola 100 hadi 200. Ongeza usafirishaji wa sanduku refu, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za forodha, kisha vifaa ambavyo huna, na utajikuta umefika bei ya besi nzuri ya mtumba. Mwenye haraka ya kupiga kanisani Jumapili ijayo anunue ya mtumba.

Faida iko kwingine. Aliyeunda besi yake anajua kila skrubu iko wapi, na shingo ikipinda msimu wa mvua hahitaji kumtafuta mtu.

Seti yenyewe naipata wapi?

Maduka ya muziki mjini huuza zaidi magitaa yaliyokamilika, kwa hiyo wengi huagiza kupitia mtandao. Kabla ya kulipa, soma mambo matatu kwenye maelezo: urefu wa uzi unaopigika (864 mm kwa besi ya kawaida), kama shingo ina chuma cha kurekebishia ndani yake, na kama mashimo ya skrubu za daraja yametobolewa tayari. Hifadhi risiti. Forodha wakikuuliza thamani ya mzigo, karatasi ni bora kuliko maelezo ya mdomo.

Besi fupi ni rahisi zaidi?

Kwa mtoto au mtu mwenye mikono midogo, ndiyo. Fupi ina 762 mm badala ya 864, na nyuzi zake hulegea kidogo. Ubaya ni kwamba lazima ununue nyuzi za urefu huo, na hizo si za kupata kila duka.

Nyuzi nne au tano?

Wapigaji wengi wa kanisani hupenda tano kwa sababu ya ile B ya chini, yenye hezi 31 hivi, yaani mitetemo 31 kwa sekunde. Lakini shingo ya nyuzi tano ni pana zaidi, na amplifaya ndogo haiwezi kuitoa hiyo B vizuri. Anza na nne.

## Vifaa na mahali pa kufanyia kazi

Nahitaji vifaa gani?

Bisibisi mbili za nyota za ukubwa tofauti, drili ndogo yenye keekee nyembamba, rula ya chuma ya sentimita 30 na nyingine ya mita moja, msasa wa namba 120 hadi 600, tupa ndogo bapa, spana ya L inayoingia kwenye chuma cha shingo (mara nyingi huja na seti), pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, risasi ya kulehemu na multimita ya bei nafuu. Vitu vya umeme utavipata Luthuli Avenue bila kuzunguka sana. Tyuna, ya kupimia sauti ya nyuzi, ni programu ya bure kwenye simu, ingawa maikrofoni ya simu huhangaika na uzi wa E, ule mnene kuliko wote. Tyuna ya kubana kwenye kichwa cha shingo hufanya kazi vizuri zaidi.

Usinunue mashine ya kuchonga mbao kwa ajili ya seti moja. Kichwa cha shingo kinakatwa kwa msumeno mwembamba wa mkono na kumalizwa kwa msasa.

Naishi bedsita. Inawezekana kweli?

Kuunganisha, kulehemu na kurekebisha vinahitaji meza moja tu. Tatizo ni vumbi la msasa na rangi ya kupuliza. Watu hupanda nazo juu ya paa la ploti, na hapo ndipo mgogoro unapoanza, kwa kuwa paa ndipo nguo za majirani zinapoanikwa. Ongea na keateka mapema, chagua siku isiyo ya kufua, na vaa barakoa hata ukiwa nje. Au ruka rangi ya kupuliza kabisa na utumie mafuta, kama inavyoelezwa kwenye swali la rangi hapa chini.

Fundi wa fanicha anaweza kunisaidia?

Kwa kuchonga kichwa na kupiga msasa mwili, sana. Mafundi wa Ngong Road wana mkono mzuri kuliko wengi wetu. Ila mwambie wazi asiguse mfuko wa shingo, yaani lile shimo ambalo shingo hukaa. Akiulainisha kidogo ili shingo "iingie vizuri", pembe ya shingo inabadilika na daraja halitaweza kufidia. Freti pia usimwachie.

## Mbao na rangi

Sanduku limefika. Naanza leo?

Subiri wiki mbili. Fungua sanduku, laza shingo na mwili mahali penye hewa pasipo na jua, uviache. Mbao zilizokaushwa na kufungashwa kwingine zinakuja kukutana na hewa ya Nairobi, jiji lililo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Januari na Februari hewa hiyo ni kavu mno. Ubao wa freti ukikauka husinyaa, chuma cha freti hakisinyai, na ncha za freti zinachomoza pembeni hadi zinakwaruza kiganja. Afadhali zichomoze kabla hujapaka chochote, uzipige tupa mara moja.

Nipake rangi gani?

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi kwa faida ndogo. Rangi haitafanya besi ipigike, kwa hiyo chagua njia unayoweza kuimaliza.

Njia rahisi ni mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale yanayouzwa kwa maseremala. Piga msasa hadi namba 320, pangusa vumbi, paka tabaka jembamba kwa kitambaa, subiri dakika kumi na tano, futa yaliyobaki juu, acha siku moja, rudia mara nne au tano. Mbao inapata rangi ya joto na mkwaruzo wowote unarekebishika. Onyo moja zito: kitambaa chenye mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo kinaweza kujipasha moto chenyewe na kuwaka. Kitandaze nje kikauke kabisa, au kiloweke majini kabla ya kukitupa.

Njia ngumu ni rangi ya magari. Maduka ya rangi za magari yatakuchanganyia rangi yoyote, hata ile ya matatu unayoipenda. Utaratibu ni kuziba vinyweleo vya mbao, praima, rangi, kisha laka isiyo na rangi, huku ukipiga msasa kati ya tabaka. Laka ya vijenzi viwili, ile ya kuchanganya na kigumishi, ina kemikali zinazodhuru mapafu hata ukivaa barakoa ya kitambaa. Mpelekee fundi wa rangi za magari mwenye chumba na vifaa vyake.

Kwa njia zote mbili, ziba mfuko wa shingo kwa tepu. Rangi ikiingia humo, shingo haitakaa.

Na shingo?

Kama ni mepo, ile mbao nyeupe, ipake mafuta au vanishi nyembamba nyuma na kichwani, la sivyo itafyonza jasho na uchafu. Ubao wa freti ukiwa wa mbao nyeusi unahitaji tone la mafuta tu.

Naweza kuchonga mwili kwa mbao za hapa badala ya ule wa seti?

Unaweza, na ni wazo zuri kwa besi ya pili. Mahogani inachongeka vizuri na uzito wake unabebeka. Mvule ni mzuri kwa macho lakini mzito. Saa mbili jukwaani bega litakuuliza maswali. Saiprasi ni nyepesi ila laini, skrubu za daraja zinaweza kulegea. Unene wa kawaida wa mwili ni milimita 44 hadi 45, na mfuko wa shingo una kina cha karibu milimita 16.

Shida kubwa ni unyevu. Mbao nyingi za kununua barabarani bado zina maji, na mwili uliochongwa ukiwa mbichi utapinda mwezi wa pili. Uliza mbao iliyokaushwa kwenye tanuri, au tafuta fanicha kuukuu: ubao wa juu wa meza ya mahogani iliyokaa ndani ya nyumba kwa miaka ishirini ni mbao kavu kuliko yoyote utakayouziwa.

## Kuunganisha

Daraja nalifunga wapi hasa?

Ukikosea hapa, besi haitakuwa na sauti sahihi kamwe, basi pima mara mbili hata kama seti ina mashimo tayari.

Funga shingo kwanza kwa skrubu zake nne. Pima kutoka ukingo wa kizingiti (kile kipande chenye mifereji minne kati ya shingo na kichwa) hadi katikati ya chuma cha freti ya 12. Kwa besi ya 864 utapata 432. Kipimo hicho hicho kutoka freti ya 12 kwenda nyuma ndipo kitandiko cha uzi wa G kinapopaswa kukaa, yaani kile kipande kidogo cha daraja ambacho uzi hulala juu yake. Kisogeze kitandiko hicho karibu na mwisho wa mbele wa nafasi yake kabla ya kupima, kwa sababu nyuzi nene zitahitaji kurudi nyuma kwa milimita chache, uzi wa E zaidi ya zote.

Kisha angalia pande. Funga uzi wa kushonea kwenye ufunguo wa E na mwingine kwenye wa G, uvute hadi darajani, utazame kutoka juu. Nafasi kati ya uzi na ukingo wa shingo iwe sawa pande zote mbili hadi freti ya mwisho. Zikiwa sawa ndipo utoboe.

Skrubu zinakatika vichwa. Kwa nini?

Tundu halijatobolewa, au ni jembamba mno. Toboa kwa keekee yenye unene wa kiini cha skrubu bila meno yake, na upake meno nta ya mshumaa. Mshumaa upo kila nyumba ya Nairobi kwa sababu zinazojulikana.

Sijawahi kulehemu. Nitaharibu pikapu?

Ni vigumu kuiharibu ukishika pasi kwa sekunde mbili au tatu tu kila mahali. Seti nyingi siku hizi huja na nyaya za kuchomeka, lakini waya mmoja karibu kila mara hubaki wa kufanywa kwa mkono: waya wa ethi wa daraja, unaoondoa mvumo wa umeme kwenye nyuzi. Unatoka mgongoni mwa poti, unapita kwenye tundu dogo ndani ya mbao, na unalala chini ya daraja, shaba yake ikigusa chuma. Kwangua rangi iliyopo hapo. Bila waya huo besi itavuma (tazama swali la mvumo).

Ukitaka kubadilisha poti, Precision na Jazz hutumia za kilo-omu 250. Yenye alama A250K hupandisha sauti taratibu kama masikio yanavyosikia. Yenye alama B250K inafanya kazi pia, ila sauti huonekana kuruka kwa ghafla mwanzoni. Kapasita ya toni ni 0.047 mikrofaradi, nayo huandikwa 473. Lehemu dirisha likiwa wazi, na unawe mikono kabla ya kula. Risasi nyingi bado ina madini ya risasi kweli.

## Kulifanya lipigike

Nimemaliza kuunganisha, nyuzi zinapwaya na kugonga freti. Nimeuziwa seti mbovu?

Huenda sivyo. Besi iliyotoka kwenye skrubu haijawa ala bado. Asilimia kubwa ya malalamiko kuhusu seti ni malalamiko kuhusu marekebisho ambayo hayajafanyika, na marekebisho yana mpangilio: shingo, kizingiti, kimo cha nyuzi, freti, kisha usahihi wa sauti. Ukianza na kimo kabla ya shingo utazunguka siku nzima.

Nakaza chuma cha shingo vipi bila kukivunja?

Nyuzi nne kwa pamoja zinavuta shingo kwa zaidi ya kilo 70. Chuma cha ndani kipo kupambana na mvuto huo. Kaza nyuzi hadi sauti zake sahihi kwanza: E, A, D, G. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 1 na pale shingo inapokutana na mwili, kisha tazama pengo kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Unataka takriban milimita 0.3, unene wa kadi ya biashara.

Pengo likizidi, zungusha spana kwa mwelekeo wa saa. Likikosekana, kinyume chake. Robo mzunguko kwa wakati mmoja, kaza nyuzi upya, subiri kidogo, pima tena. Spana ikigoma, iache. Kulazimisha ndiko kunakovunja, na chuma kikivunjika shingo hiyo imekwisha.

Kimo cha nyuzi kiwe kipi?

Pima kwenye freti ya 17, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: karibu milimita 2.4 kwa E na 2.0 kwa G ni mwanzo mzuri. Anayepiga kwa nguvu apandishe kidogo.

Kizingiti kina kipimo chake. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na utazame freti ya 1: pengo liwe dogo sana, kama unene wa karatasi. Vizingiti vya seti mara nyingi ni virefu kupita kiasi, ndiyo maana noti za chini huwa ngumu kwa vidole. Mfereji unachimbwa kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, ukielekea upande wa kichwa. Ukizidisha, nunua kizingiti kingine. Ni cha bei ndogo.

Noti moja tu inakwaruza. Nini hicho?

Freti inayofuata imeinuka kuliko wenzake. Tafuta kitu kigumu kilichonyooka kinachogusa freti tatu tu kwa wakati mmoja. Kadi ya zamani ya benki inafaa sehemu kubwa ya shingo. Kikicheza kama mguu wa meza mbovu, freti ya katikati ndiyo mkosaji. Mara nyingi haijakaa tu: weka kipande cha mbao juu yake na ugonge taratibu kwa nyundo. Isipokubali, ipake alama ya kalamu ya wino juu, isugue kwa tupa bapa, kisha uirudishie mviringo wake.

Freti zote zikiwa juu na chini, zinasawazishwa kwa pamoja: ondoa nyuzi, nyoosha shingo kwa chuma chake hadi iwe bapa, funika mbao kwa tepu, pitisha kipande cha chuma kilichonyooka chenye msasa namba 400 kutoka mwanzo hadi mwisho. Malizia kwa sufi ya chuma iliyo laini kabisa, lakini funika pikapu kwanza. Sumaku itazoa vumbi la chuma na hutalitoa.

Uzi mtupu uko sawa, juu kwenye shingo sauti inapotoka.

Linganisha hamoniki ya freti ya 12 (sauti inayotoka ukigusa uzi kidogo tu bila kuubonyeza) na noti iliyobonyezwa hapo hapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivi mwisho wa yote, na nyuzi mpya. Nyuzi za bure za kwenye seti hazistahili kazi hii. Seti ya nyuzi za unene wa 45 hadi 105 (elfu za inchi) ya kampuni inayojulikana inabadilisha besi zaidi ya pikapu mpya.

## Umeme na sauti

Linavuma hata nisipopiga.

Gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, ethi inafanya kazi na unachosikia ni mawimbi ya taa na chaja. Ukiongezeka, nyaya mbili za tundu zimebadilishana nafasi. Usipobadilika kabisa, waya wa daraja haugusi.

Stima yetu ni ya hezi 50, karibu kabisa na G ya freti ya 3 kwenye uzi wa E, ambayo ni hezi 49. Ndiyo maana mvumo hujificha ndani ya muziki na kujitokeza nyimbo zikinyamaza. Pikapu ya Precision huuzima yenyewe, kwa kuwa nusu zake mbili zimezungushwa kinyume. Jazz huuzima pale tu pikapu zote mbili zikiwa na sauti sawa.

Ukihisi nyuzi zinakupiga shoti hata kidogo, chomoa kila kitu. Hilo si tatizo la gitaa. Huenda soketi ya nyumba haina ethi, au amplifaya ina hitilafu. Mwite fundi wa stima aliyesajiliwa.

Naweza kulichomeka kwenye sabufa ya nyumbani?

Kwa sauti ndogo haliungui, lakini litasikika hafifu na butu, kwa sababu pikapu haitoi mkondo wa kutosha kwa tundu lililoundwa kwa simu au runinga. Ukipandisha sauti ili kufidia, spika zinaweza kuchanika. Kwa nyumba za kupanga, kiamplifaya cha hedifoni kinachochomekwa moja kwa moja kwenye besi ni bora, na jirani hatajua unapiga nini.

## Visa vya nadra

Napiga kwa mkono wa kushoto. Nigeuze seti ya kawaida?

Agiza ya kushoto. Kugeuza kunahitaji kizingiti kipya, na vitufe vitakaa chini ya mkono wako.

Nataka sauti ya besi za benga au rumba ya zamani. Nibadilishe nini?

Besi ya benga hukimbia na kila noti hukatika haraka. Weka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, punguza toni hadi nusu, na upige karibu na shingo. Precision za zamani zilikuja na sponji ya namna hiyo chini ya kifuniko cha daraja. Kwa rumba, ondoa sponji na ujaribu nyuzi bapa zisizo na mikwaruzo.

Naenda kupiga Mombasa wiki nzima. Kuna la kuangalia?

Unyevu wa Pwani hupanua mbao na shingo inaweza kujikunja mbele, nyuzi zikapanda. Beba spana ya L, acha besi nje ya mkoba usiku mmoja, kisha upime pengo la shingo kama ilivyoelezwa juu. Ukirudi Nairobi, usikimbilie kuirekebisha siku hiyo hiyo. Ipe siku chache.

Naweza kuliuza nililounda?

Ndiyo, mradi usibandike jina la kampuni nyingine kichwani. Kama ubao wa freti ni mpingo au aina nyingine ya Dalbergia na mnunuzi yuko nje ya nchi, jua kwamba jamii yote iliwekwa chini ya kanuni za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2017. Ala za muziki zilizokamilika, isipokuwa zile za Dalbergia nigra ya Brazil, ziliondolewa kwenye sharti la vibali mwaka 2019, lakini mbao ghafi bado inafungwa nalo. Mwandikie mnunuzi aina ya mbao kwenye risiti, pamoja na tarehe ya marekebisho ya mwisho na unene wa nyuzi zilizopo.